Kiti cha Nesi

Siku niliyopanda mlima kwenda Dindira kupokewa na mama mkwe, nilikuwa na gauni moja tu mwilini, nalo lilikuwa la serikali.

Efrazia, tuliyekuwa tukikaa chumba kimoja pale Kilole, mjini Korogwe, alirudi kutoka zamu ya usiku akanikuta nimeinama mezani, pasi ya mkaa mkononi, nanyoosha kola. Akavua kofia yake, akakaa kitandani, akanitazama. Efrazia hakuwa mtu wa kuzuia ulimi, kwa hiyo nikajua lipo linakuja.

“Mwaija, leo si siku yako ya kupumzika?”

“Ndiyo.”

“Sasa hiyo sare ya nini?”

“Ya kuvaa harusini.”

Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akaacha.

“Matroni akikukuta barabarani na gauni la wodini?”

“Matroni hana ndugu Dindira.”

“Una gauni lako la maua.”

“Limepauka. Na nikifika nitafungwa kanga, Efrazia. Chini ya kanga hata ungevaa gunia, nani atajua?”

“Nani kakwambia utafungwa?”

“Kasmiri.”

“Kasmiri hafungi watu kanga. Mama yake kasemaje?”

“Mama yake kaninunulia pamoja na wenzangu. Kasmiri kaniambia kwa kinywa chake.”

Efrazia mwenyewe alikuwa mtoto wa milimani, nyumba za huko alizijua. Akakuna kichwa, akainuka kulivuta sanduku lake chini ya kitanda, kisha akaghairi.

“Basi weka kanga yako moja kwenye kikapu. Ya akiba tu.”

“Nikibeba kanga yangu nitakuwa nimekwenda kama mgeni.”

“Haya,” alisema, akajilaza na kugeukia ukutani. “Mimi sikukukataza.”

Jambo la kanga lazima nilieleze, maana ndilo lililonipandisha mlima. Nyumba ya kina Kasmiri ilikuwa na desturi yake. Mama anayeoza binti hununua kanga za aina moja. Watu wakisharudi kutoka kanisani, kabla chakula hakijapakuliwa, huwaita wanawake wa nyumba yake uani na kumfunga kila mmoja kwa mkono wake mwenyewe: dada zake, mawifi zake, binti zake, wake wa watoto wake. Na kama yupo msichana ambaye mwanawe wa kiume amemchagua, siku hiyo anafungwa na yeye. Hakuna hotuba wala tangazo. Msichana akishatoka uani na kanga ile kiunoni, kila aliyehudhuria anajua ni wa nyumba hii, na mshenga anaweza kuanza safari.

Safari hiyo ya mshenga niliihitaji kuliko chakula. Baba yangu, Mzee Mdoe, alikuwa ameniwekea sharti nilipokwenda Handeni kumweleza habari za Kasmiri. Nilipiga magoti, akanisikiliza mpaka mwisho.

“Mkristo,” alisema.

“Ndiyo, baba.”

“Msambaa.”

“Ndiyo, baba.”

“Kijana mwenyewe sina neno naye, sijamwona. Nina neno na watu wake. Wakikupokea mbele za watu, na waje, tutazungumza, hata hayo ya dini tutayazungumza. Wakikupitisha mlango wa nyuma, rudi nyumbani. Mbwana bado yupo.”

Mbwana alikuwa mtoto wa rafiki yake. Alikuwa mgambo, na sare yake ya mgambo aliivaa hata akienda kuchimba mihogo. Sikuwa na ugomvi naye, lakini kila nilipofikiria kuolewa na zile buti nilikosa usingizi.

Lakini niseme haki, sare si Mbwana peke yake aliyezipenda. Miaka ile ya ujamaa kila mtu alitembea amevaa kazi yake. Ukisimama Korogwe asubuhi, hukuwa na haja ya kumuuliza mtu habari zake. Huyu kaki na kofia, ni wa reli. Hawa mashati ya kijani, vijana wa chama wanakwenda gwaride. Wale watoto wa shule, kaptula zimeshonwa kubwa ili zidumu. Wale wanaofyeka majani ni wafungwa na askari wao, na hakuna kati yao mwenye ruhusa ya kuvua. Mimi nilikuwa binti wa mkulima wa mahindi, nimekua miguu mitupu, lakini nikivaa gauni langu jeupe na kofia yangu, wazee wa makamo ya baba yangu waliinuka kunipisha. “Pita, nesi.” Nililipenda gauni lile mno, tena nililipenda kwa majivuno.

Kasmiri ndiye mtu pekee niliyempenda akiwa na sare mbaya. Aliletwa wodini na malaria, akavalishwa pajama la wagonjwa, ambalo hospitali yetu ililishona saizi moja kwa binadamu wote. Suruali ilimkomea chini kidogo ya magoti. Homa ilipopungua, maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa haya:

“Nesi, mwenye suruali hii yuko wapi? Lazima anaitafuta.”

Nilikwenda kucheka stoo ya mashuka. Wiki iliyofuata nilimkuta nje ya lango, kaki ya reli imenyooka, vifungo vya shaba vinang’aa, kofia kwapani, nami nikampa shikamoo nikidhani ni ofisa fulani.

“Ni mimi,” alisema. “Kitanda cha dirishani.”

Hapo ndipo tulipoanzia. Mwaka mzima tulikaa kwenye benchi la stesheni, yeye anangoja treni na mimi namngoja yeye. Aliniambia baba yake alifariki zamani, kwamba yeye ndiye mtoto wa kiume pekee, kwamba dada yake Agripina anaolewa mwezi ujao. Kisha jioni moja akaniambia neno ambalo nilirudi nalo Kilole nikitembea peke yangu na kutabasamu njia nzima.

“Mama amekwisha nunua kanga.”

“Za harusi?”

“Za harusi. Alizitafuta mpaka Tanga, unajua kanga zilivyo adimu.”

“Na yangu?”

Alikuwa akizungusha kofia yake mikononi. “Ipo,” alisema. “Wewe njoo tu. Usibebe kitu.”

Basi sikubeba kitu.

Dindira kulikuwa na ukungu asubuhi ile, baridi iliyonipenya mpaka kwenye soksi. Nilishuka kwenye gari nikafuata sauti za kwaya kupita mashamba ya chai, na kila niliyekutana naye alinisalimia kwa heshima akanionyesha njia kabla sijauliza. Nilipofika uwanjani watu walikuwa wamerudi kutoka kanisani. Agripina alikuwa amekaa na mumewe chini ya turubai, macho chini kama inavyompasa bibi harusi. Na kule uani, upande wa jikoni, niliona rangi ya njano.

Ndizo kanga zenyewe. Mama yake Kasmiri alikuwa amesimama katikati ya wanawake, mwembamba, mrefu kama mwanawe, kanga zimepangwa begani kwake. Alimfunga mwanamke mmoja, akamgeuza, akamwekea sawa pindo, akampiga kofi dogo mgongoni, akamwita mwingine. Nikajongea mpaka kwenye kona ya nyumba. Nikaufungua mkanda wangu wa kazi, nikauvua na kuutia kikapuni, ili kanga ikae vizuri kiunoni. Nikasimama pale nikingoja kuitwa.

Aliniona. Akazikabidhi kanga zilizobaki kwa mtu, akaja kwangu akijifuta mikono, uso umejaa furaha.

“Huyu ndiye nesi?”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana. Ndiwe uliyeniponyea mtoto. Njoo.”

Akanishika mkono. Nilidhani tunaingia uani. Akanigeuza, akanivusha uwanja mzima mbele ya macho ya watu, akanipeleka mpaka kwenye meza ya mbele, iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, walipokuwa wamekaa padri, katibu wa kata na mwalimu mkuu. Palikuwa na kiti kimoja kitupu chenye mto.

“Hiki ni chako,” alisema. “Tulikuwekea tangu jana.”

Nilikaa. Ningefanya nini? Katibu wa kata akanyanyuka kunipa mkono, padri akaniuliza habari za hospitali, nami nikajibu vizuri huku macho yangu yakivuka mabega yao kurudi uani. Mama amerejea kwenye kanga zake. Amemfunga shangazi mmoja mnene, wanacheka kwa sababu ncha hazikutani. Zimebaki mbili. Imebaki moja. Nikajiambia ile ndiyo yangu, ananipumzisha kwanza, ataniita.

Akamwita msichana aliyekuwa akimenya ndizi. Msichana akaweka kisu chini, akanawa, akaja akiwa ameinamisha kichwa. Mama hakumfunga haraka kama alivyowafunga wengine. Alimvuta karibu, akamzungushia ile kanga polepole, akaikaza, akamshika mashavu kwa viganja vyake viwili. Wanawake wakapiga vigelegele.

“Yule nani?” nilimuuliza mwalimu mkuu, kwa sauti ambayo nilijitahidi isiwe na kitu ndani.

“Dorkasi? Jirani yao. Msichana mzuri sana, ana sauti ya kwaya.”

Nikamtafuta Kasmiri. Nikamwona karibu na masufuria, amevaa suti ya kijivu ya mikono mifupi, ameshika sinia la sahani. Alikuwa ameona kila kitu. Macho yetu yalikutana, na yeye ndiye aliyeyaondoa kwanza.

Haijapata kutokea katika maisha yangu nikaheshimiwa kama nilivyoheshimiwa siku ile. Nililetewa soda kabla ya padri. Nililetewa nyama laini. Nilipoinuka kwenda kusaidia kupakua, shangazi mnene alinikimbilia, “Hapana nesi, gauni jeupe hilo, utalichafua, kaa.” Nikakaa. Nilipoinuka kuosha vyombo, mwingine akanipokonya sahani, “Nesi, sisi tupo.” Nikakaa. Wakaanza kuja mmoja mmoja kunieleza maradhi yao. Mzee mwenye kifua. Mama mwenye mtoto asiyenyonya. Wote waliinama kidogo wakizungumza nami. Na kila aliyepita na kanga ya njano alipita amebeba kitu, maji, kuni, mtoto wa mwenzake, wanaitana kwa majina, wanasutana, wanacheka.

Dorkasi naye alikuja, na chai.

“Karibu, dada nesi,” alisema. “Kasmiri ametusimulia ulivyomhudumia. Mama yangu miguu inamvimba jioni, sijui ni nini.”

Nilitaka kumchukia, na nilikuwa na haki yote ya kumchukia. Lakini alikuwa na uso wa mtu asiyejua lolote, na mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kuchuma chai.

“Mlete Korogwe,” nilimwambia. “Aniulizie mimi.”

“Ahsante, dada. Mungu akuzidishie.”

Alipoondoka niliinuka, na safari hii sikumsubiri mtu wa kunikalisha. Nilizunguka nyumba mpaka nyuma ya jiko, kwenye pipa la maji. Mama yake Kasmiri alikuwa pale peke yake, anasuuza sufuria. Aliponiona aliiweka chini.

“Umechoka, nesi? Nikutafutie kitanda ujinyooshe?”

“Mama, mimi naitwa Mwaija.”

“Nalijua jina lako, mwanangu.”

“Mbona huniiti?”

Alinitazama. Tabasamu la uwanjani liliondoka, na nyuma yake nilimwona mwanamke aliyekuwa hajalala vizuri siku nyingi.

“Mtu akija na jina lake, namwita jina lake,” alisema. “Wewe umeletwa kwangu na kazi yako. Kasmiri aliniambia, mama, nesi aliyenitibu anakuja harusini, tumwandalie kiti. Nikaandaa kiti. Nimekosea?”

Nilishika ukingo wa pipa.

“Hakukwambia neno jingine?”

“Jina lako analitaja akiwa amelala. Mimi ni mama yake, nimeelewa. Lakini akiwa macho hajaniambia. Nimekaa miezi nikimngoja aniambie. Nilipotoka kununua kanga nilimuuliza, baba, ninunue ngapi? Akasema, utakavyoona wewe, mama.”

“Aliniambia yangu ipo.”

Alivuta pumzi ndefu, akakaa juu ya gogo la kuni, akanionyesha nafasi kando yake. Nikakaa na gauni langu jeupe.

“Sikiliza,” alisema. “Sijakudharau. Umeona kiti, umeona chakula.”

“Nimeona, mama. Hujanidharau.”

“Mimi ni mjane. Nina mtoto wa kiume mmoja, na kichwa hiki kinauma kila siku kwa ajili yake. Nguo uliyovaa ni ya serikali. Leo uko Korogwe, kesho wanakuandikia uende Sumbawanga, na yeye atakufuata. Nani atabaki hapa na mimi? Na dini. Baba yako ataingia kanisani? Wewe utabatizwa? Watoto wataitwa nani?”

“Bado hatujayazungumza hayo.”

“Mwaka mzima mlizungumza nini?”

Tulizungumza treni. Tulizungumza pajama. Tulizungumza jinsi atakavyonisimamisha mbele ya watu wake, na ilikuwa raha sana kuzungumza hivyo.

“Kanga hii ni neno langu,” alisema, akiishika ncha ya ile yake. “Nikikufunga, nimesema ndiyo mbele ya Dindira nzima. Pengine ningesema. Angekuja Kasmiri akasimama hapa ulipo, akaniambia, mama, ni huyu, nami simwachi, ningepiga kelele, ningelia, kisha pengine ningesema ndiyo. Lakini siwezi kumsemea mtu mzima ndiyo yake.”

“Na Dorkasi?”

“Dorkasi yupo hapa,” alisema, bila ukali. “Kila siku yupo hapa.”

Akainuka, akanipangusa majivu mgongoni kwa kiganja chake. Kwa mkono ule ule aliowafungia wenzangu, alinipangusa vizuri, mpaka gauni likawa safi, kisha akarudi kwenye sufuria yake.

Kasmiri alinikuta bado nimesimama nyuma ya jiko. Alikuja ananyata, amekumbatia kitu ndani ya koti.

“Mwaija, nimekutafuta.”

“Kiti changu kiko mbele, Kasmiri. Anayenitafuta ananiona.”

“Usikasirike. Nimekuletea.”

Akaitoa. Kanga ya njano, imekunjwa kwa haraka, bado ina joto la mtu aliyeivua.

“Ya nani?”

“Ya mdogo wangu. Nimemwomba. Yeye atakaa ndani kidogo. Ifunge upesi, mpiga picha anajiandaa. Ukiingia kwenye picha na hii, imekwisha, mama hataweza kukutoa.”

Nisidanganye, niliitaka. Niliichukua nikaishika, nikaiinua usoni. Bado ilikuwa na harufu ya dukani. Maandishi yake niliyasoma, lakini siwezi kuyarudia hapa, yalikuwa ya furaha. Ningeweza kuifunga pale pale, nikatoka, na kwa dakika moja katika maisha yangu ningekuwa mke wa nyumba ile.

“Ulimwambia mama yako mimi ni nani?”

Aliitazama kanga mikononi mwangu.

“Kasmiri.”

“Nilidhani akikuona atakupenda. Wewe kila mtu anakupenda. Nilidhani atakupenda mwenyewe, halafu mimi nitakuta mambo yameshakwisha.”

“Ulitaka nikuposee mimi mwenyewe?”

“Si hivyo.”

“Ulivyo mrefu vile, ulijificha nyuma ya gauni langu.”

Machozi yalimjaa. Niliyaona, na nilimpenda vile vile, hilo ndilo la kusikitisha. Mapenzi hayakupungua hata kidogo, yalibaki pale pale, mazima, hayana pa kwenda.

“Twende kwa mama yako,” nilimwambia. “Sasa hivi. Shika kanga hii, mpe, mwambie anifunge. Akikataa amenikataa, nitaondoka na heshima yangu na nitakupenda mpaka nazikwa. Lakini mwambie. Mbele yangu.”

“Leo ni siku ya Agripina. Nitaharibu.”

“Kesho?”

“Mwaija.”

“Nakuuliza tu. Kesho utaweza?”

Kutoka uwanjani sauti ya mpiga picha iliita. “Wa nyumbani wote. Kina mama wenye sare mbele, watoto wa kiume nyuma. Kaka wa bibi harusi yuko wapi?”

“Kasmiri!” mtu aliita. “Kasmiri!”

Alinitazama, akatazama kona ya nyumba, akanitazama tena. Nilimnyooshea ile kanga, nikingoja. Wallahi nilingoja. Akaipokea, akaikunja vizuri safari hii, akaitia ndani ya koti.

“Niwaitikie tu,” alisema. “Narudi.”

Akaenda.

Nilimfuata mpaka uwanjani, nikasimama pembeni karibu na meza yangu. Wanawake walikuwa wamejipanga, njano tupu, Agripina katikati na shela lake. Mdogo wake Kasmiri alikuja mbio akijifunga kanga aliyorudishiwa. Mama alikuwa amesimama kulia, na Dorkasi kando yake, na nyuma ya Dorkasi palikuwa na pengo la mtu mmoja mrefu. Kasmiri aliliona pengo. Alisita, kwa kadiri mtu anavyosita kabla ya kuvuka maji baridi. Kisha akaliziba.

Mpiga picha aliinama kwenye kamera yake, akainua kichwa, akanionyesha kwa mkono.

“Nesi, samahani. Gauni lako linaingia kwenye picha. Sogea kidogo.”

Nikasogea.

“Kidogo tena.”

Nikasogea tena, mpaka nikawa nje ya turubai. Kasmiri alikuwa ananitazama mimi. Mpiga picha akamwambia atazame mbele, naye akatazama mbele.

Sikuaga. Nilichukua kikapu changu nikateremka na njia ya chai, na ukungu ulikuwa umekwisha, nikaweza kuona bonde lote mpaka kule chini jua linakowaka kwetu. Barabarani nilisikia viatu nyuma yangu. Alikuwa amekimbia, suti imemkaa upande.

“Nitakuja Kilole Jumapili. Nitakueleza.”

“Jumapili nina zamu.”

“Nitakuja hospitali basi.”

“Njoo saa kumi, Kasmiri. Ndiyo saa ya kutazama wagonjwa. Askari wa lango atakuruhusu kama anavyowaruhusu watu wote.”

“Mwaija, usiniseme hivyo.”

“Mwambie Dorkasi asisahau kumleta mama yake.”

Lori la majani ya chai lilikuwa linashuka Korogwe. Dereva alipoliona gauni langu alisimama bila mimi kuinua mkono, na watu waliokaa juu ya magunia walisogeleana kunipa nafasi nzuri, mbali na vumbi. Kasmiri alisimama barabarani. Sikugeuka, lakini najua alisimama, kwa sababu mama mmoja aliyekaa karibu yangu alisema, “Yule kijana mbona anabaki? Si alikuwa anasafiri na wewe?”

“Hapana,” nilimwambia. “Ni wa hapa hapa.”

Yule mama alikuwa amebeba mtoto ndani ya kanga kuukuu. Tulipokata kona ya kwanza alimfungua, akaniwekea mapajani bila kuniomba, kama vile watu wanavyofanya wakiona nguo ile.

“Nesi, nitazamie. Tangu juzi anachemka. Ndiyo nampeleka.”

Nikamshika paji la uso, nikamtazama macho, nikamhesabia pumzi. Mikono yangu ilifanya kazi yake yenyewe. Na ndipo hapo, na mtoto wa mtu mapajani, yale niliyokuwa nimeyabana tangu kwenye meza ya padri yalinishinda. Nililia. Sikutoa sauti, lakini machozi yalitoka mengi, yakaanguka juu ya kifua cha yule mtoto, nami sikuwa na kanga ya kujifutia.

Mama yake alinishika mkono kwa nguvu. Uso ulikuwa umembadilika.

“Nesi, unalia nini? Umeona nini? Mwanangu anakufa?”

Watu wote juu ya magunia waligeuka wakanitazama. Nikakumbuka nilichovaa. Nikaweka kofia sawa, nikajifuta kwa mkono wa gauni, nikamkumbatia mtoto.

“Hapana, mama,” nilisema. “Ni homa tu. Tunafika sasa hivi, atapewa dawa. Huyu atapona.”